Dawa Bandia na Lebo za Uongo: Uanzie TMDA, TBS, FCC au Baraza la Famasi?

Nilikwenda Tanga kumsalimia mama mdogo, nikamkuta barazani na mashine yake ya kupimia sukari mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Njoo uone, leo mimi mzima. Tano nukta tisa."

Uso wake haukuwa wa mtu mzima. Midomo ilikuwa imekauka, na jagi la maji pembeni lilikuwa limeshajazwa mara mbili tangu alfajiri. Nikamwomba asile kitu, twende hospitali. Kabla ya saa nne maabara ikatoa jibu: 14.3.

Mashine haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu. Boksi lake lilionyesha mwisho wa matumizi ni 03/2026. Nilipoliinamisha kwenye mwanga nikaona namba zile zimekaa juu kidogo kuliko maandishi mengine. Nikapitisha ukucha pembeni, karatasi ndogo ikanyanyuka kama gamba la samaki. Chini yake paliandikwa 08/2023. Stripu hizi zina kimeng'enya kinachokutana na sukari ya kwenye damu ili mashine isome, na kimeng'enya hicho kinakufa kwa joto, unyevu na muda. Mama mdogo alikuwa anaamini namba inayotoka kwenye kitu kilichokufa, na kwa imani hiyo alikuwa ameanza kuruka dozi zake za jioni.

Nikapekua kabati lote. Nikatoka na vitu vingine viwili: chupa ya vidonge vya mitishamba iliyoandikwa kwamba inaponya kisukari, presha na vidonda vya tumbo, na kopo la krimu ya binti yake lisilo na orodha ya viambato. Vitu vitatu, meza moja. Ofisi ya kwanza niliyoviendea, ambayo sitaitaja, ilinielekeza ya pili. Ya pili alikuwepo dada mmoja aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Kaka, wewe unataka nini hasa? Ziondoke sokoni, muuzaji aadhibiwe, au hela yako irudi?"

Swali hilo ndilo ninalolitumia hapa kulinganisha milango ya serikali. Hakuna ofisi inayokupa yote matatu, na ukikosea mlango unapoteza wiki ambazo bidhaa inaendelea kuuzwa kwa mama wa mtu mwingine.

Kwanza ujue kosa ni la aina gani

Mwaka 2017 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) zilikubaliana kuzigawa bidhaa mbaya za afya katika mafungu matatu. Kuna bidhaa duni: kiwanda ni halali, kibali kipo, ila bidhaa haifikii kiwango, ama kwa uzembe wa utengenezaji au kwa kuhifadhiwa vibaya. Kuna bidhaa bandia: mtu amedanganya kwa makusudi kuhusu kilichomo, aliyeitengeneza au ilikotoka. Na kuna isiyosajiliwa: haijawahi kukaguliwa na kuruhusiwa nchini, hata kama kwao inasifika. Mwaka huohuo WHO ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takribani bidhaa 1 kati ya 10 za afya ni duni au bandia.

Stripu za mama mdogo zilitoka kiwandani zikiwa nzima. Muda ukaisha, zikawa duni. Kisha mtu akakaa chini na mkasi na karatasi, akabandika tarehe mpya boksi moja baada ya jingine. Hapo zikawa bandia. Duni humfuata mtengenezaji na mtunza stoo, bandia humfuata mhalifu, kwa hiyo unapoandika taarifa yako usiandike tu "dawa haifanyi kazi". Andika ulichokiona: karatasi juu ya karatasi.

Na tafadhali usiite "feki" kila dawa ya bei nafuu. Dawa yenye kiambato kilekile kwa jina jingine, iliyosajiliwa, ni dawa kamili. Nitalirudia hili nikifika Kenya, maana kule suala hilihili lilifika Mahakama Kuu.

TMDA: kila kinachodai kutibu, kukinga au kupima

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba bado wengi wanaiita TFDA, jina ililobeba tangu 2003. Mwaka 2019, kupitia Sheria ya Fedha, chakula na vipodozi viliondolewa kwake kuanzia Julai 1 vikahamia Shirika la Viwango. Ikabaki na dawa, vifaa tiba na vitendanishi, na jina likabadilika kufuata kazi. Watu wanaopeleka krimu TMDA hadi leo wanafuata ramani ya kabla ya 2019.

Vifaa tiba ni neno pana kuliko linavyosikika. Sindano, glavu, kondomu, mashine ya presha, kipimo cha mimba, kipimo cha malaria, na stripu za sukari, vyote vimo.

Nguvu yake kubwa ni mkono wa kuzuia. Mkaguzi wa TMDA anaweza kuingia dukani au stoo, kuchukua sampuli, kushikilia mzigo na kufunga jengo. Mamlaka inaweza kusitisha usajili wa bidhaa na kuamuru toleo zima, yaani mzigo wote uliotengenezwa kwa mkupuo mmoja, lirudishwe kutoka nchi nzima. Ina maabara yake inayotambuliwa na WHO, na Desemba 2018 ilikuwa ya kwanza barani Afrika kufikishwa ngazi ya tatu ya ukomavu katika upimaji wa WHO wa mamlaka za dawa. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba kuna mfumo uliokaguliwa na watu wa nje ukaonekana unafanya kazi.

Kwa nini maabara ni muhimu kuliko hasira? Tazama jirani zetu wa Ituri, mashariki mwa Kongo. Kuanzia Desemba 2014 hadi Agosti 2015, zaidi ya watu 1,000 walifikishwa kwenye vituo vya afya shingo zimepinda, macho yamegeuka, ulimi unatoka nje bila hiari. Mwanzoni ikadhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Kumbe walikuwa wamemeza vidonge vilivyouzwa kama diazepam, na vilipopelekwa maabara vikakutwa ni haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili. Watu 11 walifariki. Hakuna macho ya binadamu yanayoweza kutofautisha kidonge kimoja na kingine kwa kukitazama. Kopo lilikuwa na lebo, lebo ilikuwa inasomeka vizuri, na ilikuwa uongo.

Hapa kwetu kuna lile la 2012. Ukaguzi katika hospitali ya wilaya ya Tarime ulikuta dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, TT-VIR 30, zisizokuwa halisi. Oktoba mwaka huo Waziri wa Afya wa wakati huo, Hussein Mwinyi, akalitangazia taifa: dawa ziondolewe, uzalishaji wa kiwanda kinachotajwa kwenye lebo usimamishwe, na mkurugenzi mkuu wa Bohari ya Dawa akasimamishwa kazi. Dawa ilikuwa imepita kwenye mlolongo wa serikali wenyewe. Ninalitaja kwa sababu wapo wanaodhani taarifa zinahusu maduka ya uchochoroni tu. Ukipewa dawa hospitali na ukaona rangi au umbo si lile la mwezi uliopita, uliza palepale dirishani, na usiporidhika toa taarifa.

Jambo jingine la kuipendea TMDA ni kwamba inaweza kuzuia kwanza na kupima baadaye. Aprili 2024 Nigeria ilitangaza kukuta sumu ya dayithilini glikoli katika toleo moja la Benylin, dawa ya kikohozi ya watoto. Ndani ya siku chache nchi sita za Afrika, Tanzania, Kenya na Rwanda zikiwemo, zilikuwa zimeagiza toleo lile liondolewe. Baadaye vipimo vya Kenya havikuona sumu hiyo. Je, kuondoa kulikuwa kosa? Sioni hivyo. Mwaka 2022 kule Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa, na WHO ikatoa tahadhari ya kimataifa kuhusu dawa nne za maji zilizokutwa na sumu ya jamii hiyo. Ukiwa na chupa moja ya shaka na mtoto mmoja wa kweli, unaiondoa chupa.

Udhaifu wake ni huu: TMDA haikurudishii hela. Na maabara ina foleni yake. Utatoa taarifa na huenda usijue ilikoishia, kwa sababu kesi ya jinai haitangazwi hatua kwa hatua. Ukitaka kuona matunda ya haraka kwa macho yako, jiandae kwa subira.

Njia za kufika: ofisi za kanda, tovuti yao, na kwa dawa iliyokudhuru, mwambie mhudumu wa kituo cha afya ajaze ile fomu ya njano ya madhara. Wahudumu wengi wanaijua, ila hawaitoi mpaka waombwe. Iombe.

TBS: krimu, sabuni, chakula, na hadithi ya nembo

Shirika la Viwango lipo tangu 1975 na tangu 2019 ndilo lenye vipodozi na chakula kwa upande wa bara. Kopo la binamu yangu lilikuwa la kwao moja kwa moja.

Krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zina mambo mawili ya kuogopwa zaidi: zebaki na haidrokwinoni. Zebaki inapita kwenye ngozi, inakwenda kwenye figo, na haikai kwa aliyejipaka peke yake. Inabaki kwenye taulo, kwenye mto, kwenye shavu la mtoto anayelala karibu. Mkataba wa Minamata umeilenga zebaki ya vipodozi waziwazi, na sheria yetu inapiga marufuku viambato vyote viwili kwenye vipodozi vya kuuzwa kwa wananchi. Kwenye lebo zebaki haiandikwi kwa jina hilo. Hujificha nyuma ya majina marefu ya kemia yenye "mercur" ndani yake, na mara nyingi zaidi lebo haina orodha ya viambato kabisa. Kopo lisilosema limetengenezwa kwa nini limeshavunja kanuni hata kabla ya kupimwa, na huo ni ushahidi tosha wa kuanzia.

TBS ina nguvu ya kuzuia mzigo bandarini, kuuteketeza, kufuta leseni ya alama ya ubora na kufikisha watu mahakamani. Kwa bidhaa za viwandani na za kutoka nje iko mitaani zaidi kuliko mamlaka nyingine yoyote. Ila usiipelekee swali lisilo lake. Nembo ya TBS inasema bidhaa imefikia kiwango kilichowekwa kwa bidhaa ya aina hiyo. Haisemi kwamba inaponya. Chupa ya mitishamba ya mama mdogo ilikuwa na kitu kinachofanana na nembo hiyo pembeni ya maneno "huponya kisukari", na mama alikuwa ananionyesha nembo kama mtu anayeonyesha cheti cha ndoa. Na ile mistari ya baa kodi yenye 620 mwanzoni (Kenya ni 616) inaonyesha tu shirika lililotoa namba kwa ajili ya biashara. Hakuna daktari aliyeketi nyuma ya 620.

Chupa inayogombaniwa

Hii chupa ilinisumbua kuliko vyote. Muuzaji akibanwa na TMDA anasema ni kirutubisho, chakula tu. Akibanwa na watu wa chakula anasema ni tiba asili. Mteja akimfuata anasema ni dawa iliyowaponya wengi.

Kata mzizi hapa: sheria ya dawa inaitambua dawa si kwa kilichomo peke yake bali pia kwa inavyonadiwa. Kitu kinachouzwa au kutangazwa kuwa kinatibu, kinapunguza au kinakinga ugonjwa kinaingia kwenye tafsiri ya dawa, hata kiwe majani makavu ya mlonge. Kwa hiyo soma maneno ya lebo. Imeandikwa "huponya", "hutibu", "humaliza"? Peleka TMDA. Imeandikwa "chakula lishe", bila kutaja ugonjwa wowote, na tatizo ni uchafu au uzito? TBS. Kama shida ni mganga mwenyewe, amejitangaza kinyume cha utaratibu au hana usajili, kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002. Baraza linasajili watu na dawa zao za asili. Nguvu ya kuvamia stoo usiitarajie kutoka kwake.

Nitoe tahadhari kwa wenye sukari hasa. Hatari ya chupa kama hizi si kwamba hazina kitu. Hatari ni kwamba wakati mwingine zina kitu. Mwaka 2008 kule Singapore watu 150 walilazwa sukari imeshuka ghafla, na 4 wakafariki. Wengi wao walikuwa wametumia vidonge vya nguvu za kiume, vingine vikiitwa vya asili, vilivyochanganywa na glibenklamaidi, dawa ya kawaida ya kisukari, kwa kiasi kikubwa. Mama mdogo alikuwa anameza dawa zake za hospitali na juu yake chupa ile. Sikulala usiku ule.

FCC: anayeshika uongo wa biashara

Tume ya Ushindani inasimamia Sheria ya Ushindani ya 2003 na ile ya zamani ya Alama za Bidhaa ya 1963. Watu wengi wanaijua kwa kuteketeza bidhaa bandia dampo, lakini jambo lenye faida zaidi kwa mlaji ni jingine: ndani ya Sheria ya Ushindani kumdanganya mteja ni kosa lenyewe, bila kusubiri mtu augue. Tangazo la redioni linalosema "umethibitishwa kuponya" bila uthibitisho, boksi lililobandikwa tarehe mpya, bei ya kitu halisi kwa kitu cha kuiga, yote yanaingia.

Na adhabu yake inauma kampuni kubwa. Anayekutwa na kosa chini ya sheria hiyo anaweza kutozwa asilimia 5 hadi 10 ya mapato yake ya mwaka. Pia, kati ya milango yote ninayoitaja, huu ndio wenye njia ya mlaji aliyepata hasara kuomba amri ya fidia bila kufungua kesi mahakamani moja kwa moja. Hela yako, kama unaitaka, itafute hapa. Tunza risiti ya EFD kama unavyotunza kadi ya benki.

Udhaifu wa FCC ni upande wa pili wa nguvu yake. Sheria ya alama inalinda jina la mwenye chapa. Haijui kidonge kina nini. Ukipeleka FCC dawa ya shaka peke yake, utapata ofisi inayoweza kuthibitisha kwamba boksi si la kampuni husika, ilhali swali la mgonjwa wako ni kama kile alichomeza kitamuua. Kwa dawa, FCC iwe mlango wa pili.

Baraza la Famasi

Hapa ni pafupi. Bidhaa ni ya TMDA. Mtu na duka lake ni la Baraza la Famasi, chini ya Sheria ya Famasi ya 2011. Muuzaji hana sifa, duka la dawa muhimu linauza dawa lisizoruhusiwa, anafungua kopo na kukuhesabia vidonge kwenye karatasi ya daftari bila jina la dawa: peleka huko. Adhabu kubwa ni leseni, na kwa mwenye duka leseni ni ugali wake.

Ukiwa Zanzibar, Kenya, Uganda au mbali zaidi

Zanzibar mambo ni mepesi kuliko bara. Afya si jambo la Muungano, na Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA) bado una chakula, dawa na vipodozi chini ya paa moja. Ukiwa Darajani na kopo la krimu mkono mmoja na dawa mkono mwingine, unakwenda mahali pamoja.

Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu (PPB) inashika dawa pamoja na wafamasia na maduka, kazi ambazo kwetu zimegawanywa TMDA na Baraza la Famasi. Kwa hilo naionea wivu. Krimu na bidhaa za kawaida ni za KEBS, shirika la viwango la kule, na stika yao unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# ikifuatiwa na namba ya kibali kwenda 20023. Bidhaa za kuigiza chapa zina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, iliyotokana na sheria ya 2008. Sheria hiyo ndiyo iliyopelekwa mahakamani na watu watatu wanaoishi na VVU, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana kiasi cha kuweza kuzihesabu dawa halali za bei nafuu kuwa ghushi. Aprili 20, 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu hivyo, vikitumika kwa dawa hizo, vinavunja haki ya uhai na ya afya. Kila ninaposikia mtu akiita dawa yake ya ARV "feki" kwa sababu ni ya bei nafuu, ninaikumbuka hukumu ile. Kwa hiyo Kenya nako, dawa ya shaka anza PPB, na suala la chapa lifuate.

Uganda, Mamlaka ya Dawa ya Taifa (NDA) ilionyesha 2019 maana ya kupima vifaa tiba. Kondomu za Life Guard zilishindwa vipimo vyake, zikiwa na matundu na kupasuka, na shirika la Marie Stopes Uganda likazirudisha kutoka sokoni. Hakuna aliyedanganya lebo pale. Ilikuwa bidhaa duni, iliyokamatwa na maabara.

Ndugu mlioko Marekani, kwenu lebo na usalama ni FDA, mamlaka ya chakula na dawa, na matangazo kwa sehemu kubwa ni FTC, tume ya biashara. Na kwa sisi tunaouziwa vidonge vyenye muhuri wa "FDA approved" na jirani aliyejiunga na mtandao wa mauzo: FDA haiidhinishi virutubisho kabla havijauzwa, na haimruhusu mtu binafsi kuweka nembo yake kwenye chupa. Muhuri huo kwenye kirutubisho ni uongo kabla hujafungua kifuniko. Hata nguvu ya FDA yenyewe ilizaliwa msibani. Mwaka 1937 dawa ya maji iliyoitwa Elixir Sulfanilamide, iliyoyeyushwa kwa dayithilini glikoli ileile, iliua zaidi ya watu 100, watoto wengi wakiwemo. Sheria ya wakati ule haikutaka dawa ipimwe usalama kwanza. Wakaguzi waliikusanya chupa kwa chupa kwa sababu moja tu ya kisheria: neno "elixir" kwenye lebo lilimaanisha ina kilevi, na haikuwa nacho. Lebo ya uongo ndiyo iliyowapa mkono. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa.

Sasa chagua

Kama kitu kinaingia mwilini au kinapima ugonjwa, na unataka kiondoke sokoni, anza TMDA siku hiyohiyo, usisubiri kukusanya ushahidi kamili. Hilo ndilo chaguo langu la kwanza karibu kila mara, kwa sababu muda ndio unaoua. Kama ni cha kupaka au kula na hakitaji ugonjwa, TBS. Kama umedanganywa na unataka adhabu ya biashara au fidia, FCC, lakini nenda ukiwa na nakala ya taarifa uliyokwisha kuipeleka TMDA au TBS. Kama tatizo ni mwuzaji, Baraza la Famasi, sambamba na TMDA, maana hazizuiani. Pale unapohisi genge, maboksi mengi, stoo, mashine ya kuchapa, wahusishe polisi kupitia mamlaka husika, usiende kugombana dukani. Mwuzaji akishajua, mzigo unahama usiku.

Kuhusu ushahidi: usitupe boksi, usimalizie vidonge, usivihamishie kwenye chombo kingine. Piga picha pande zote sita, namba ya toleo ikisomeka. Andika tarehe ya kununua, duka, bei, na dalili zilipoanza saa ngapi. Mimi nilifanya kosa la kubandua karatasi yote kwa hasira. Yule dada akaniambia ningenyanyua pembe moja tu na kuacha iliyobaki, kwa kuwa hata gundi ina cha kusema. Omba namba ya taarifa yako, na sampuli unayoikabidhi isainiwe mbele yako.

Siku ile stripu zikaenda TMDA pamoja na chupa ya mitishamba, picha na risiti. Krimu ikaenda TBS. Mama mdogo hakufurahi kuiachia chupa. Aliinunua kwa elfu thelathini na tano, na aliyemuuzia ni mwenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa. Nilimwachia stripu mpya kutoka famasi ya hospitali. Wiki iliyofuata akanipigia simu asubuhi.

"Kumi na moja nukta mbili," akasema. "Hii namba siipendi mwanangu, lakini naiamini."

Dozi za jioni alikuwa amezirudia.